Ujumbe wa simu, mhudumu wa mtaani au muuguzi mwenyewe: nani afikishe habari za uchunguzi wa mlango wa kizazi Pemba?

Wilaya ikipata fedha kidogo za uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, kikao huishia kwenye ubishi ule ule: tununue mfumo wa kutuma ujumbe wa simu, au fedha ziende kwenye nauli na posho za watu wa kutembea? Upande wa simu husema siku hizi hakuna nyumba isiyo na simu. Upande wa miguu husema Pemba mambo ya wanawake huzungumzwa ana kwa ana. Pande zote mbili zina ukweli wake, na mara nyingi kinachopita ni kile kilicho rahisi kuandikiwa risiti.

Ulinganisho huu nauandika kwa ajili ya wanaokaa kwenye vikao hivyo: timu za afya za wilaya, wakuu wa vituo, masheha, na kina mama wa vikundi ambao sasa nao huulizwa maoni yao. Sitolinganisha kifaa na kifaa. Mpango wa uchunguzi humpelekea mwanamke habari tatu: njoo upimwe, hiki ndicho tulichokiona, na tafadhali rudi. Njia inayofaa kwa habari ya kwanza inaweza ikaiharibu vibaya habari ya pili. Kwa hivyo nimezipanga njia kwa kufuata habari.

Kwa nini jambo hili linastahili kikao kizima? Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, yanaonesha kwamba kila mwaka Tanzania wanawake zaidi ya 10,000 hupata saratani hii na zaidi ya 6,000 hufariki. Na ni ugonjwa unaotoa muda. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri huchukua kama miaka 15 hadi 20 tangu virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana na ndivyo chanzo kikuu cha saratani hii, kuanza kuharibu hadi saratani kamili. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU bila matibabu, miaka 5 hadi 10. Mwanamke aliyepimwa akakutwa na dalili za mwanzo, kisha akapotea kwa sababu hakuelewa alichoambiwa, tumempoteza wakati tulikuwa naye mkononi. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mkakati wake mwaka 2020 liliweka malengo matatu ya kufikia 2030: asilimia 90 ya wasichana wapate chanjo ya HPV, asilimia 70 ya wanawake wapimwe, na asilimia 90 ya watakaokutwa na tatizo watibiwe. Lengo la tatu kwa sehemu kubwa ni kazi ya kuzungumza na watu.

Anzia kwenye kipimo, kwa sababu ndicho kinachopanga maneno

Vipimo viwili ndivyo vinavyozungumzwa zaidi kwetu. Cha kwanza ni cha siki: muuguzi anaupaka mlango wa kizazi siki nyepesi, anasubiri kama dakika moja, na sehemu yenye mabadiliko huonekana nyeupe. Cha pili ni kipimo cha virusi vya HPV, kinachochukuliwa kwa kijiti cha pamba na kusomwa kwa mashine.

| | Siki | Kipimo cha HPV |
|---|---|---|
| Majibu | Hapo hapo, mama akiwa bado kituoni | Husubiri mashine. Mara nyingi mama ameshaondoka |
| Nani anachukua | Muuguzi au daktari aliyefunzwa | Muuguzi, au mama mwenyewe faraghani |
| Akiwa salama arudi lini | Baada ya miaka 3 | Baada ya miaka 5 hadi 10. Anayeishi na VVU, miaka 3 hadi 5 |
| Ugumu wa mawasiliano | Kumweleza mtu mwenye khofu kwa dakika chache | Kumpata tena, na kulieleza neno "virusi" |

Kitaalamu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unapendelea kipimo cha HPV, kwa wanawake kuanzia miaka 30, na kuanzia miaka 25 kwa wanaoishi na VVU. Hakitegemei sana macho ya anayesoma majibu, na mama anaweza kujichukulia mwenyewe, jambo ambalo kwa wengi wetu linaondoa nusu ya aibu. Lakini wilaya inayohamia huko bila kupanga namna ya kurudisha majibu inabadilisha tatizo moja kwa jingine. Siki ina udhaifu wake wa macho ya mpimaji, ila ina jambo moja kubwa: mama, jibu na tiba vinaweza kuwa chumba kimoja siku moja. Ambapo mashine ipo kituoni na jibu linaweza kutoka siku hiyo hiyo, mwambieni mama asubiri, mpeni chai, msimruhusu aondoke bila jibu. Hakuna mfumo wa simu unaoshinda hilo.

Habari ya kwanza: njoo upimwe

Hapa ndipo palipo rahisi kuliko pote, na ndipo fedha nyingi huishia.

Redio bado inafika mbali. Redio Jamii Micheweni inasikilizwa na mtu anayeparua muhogo, na mama mmoja akisikia huwasimulia watatu. Udhaifu wake ni kwamba haiulizwi swali hapo hapo. Kipindi kinachopokea simu za wasikilizaji, akiwepo muuguzi wa kike, kina thamani kuliko tangazo linalorudiwa mara kumi. Tangazo la sheha hufika kila nyumba, lakini likitoka kwa sauti ya mwanamme kuhusu mlango wa kizazi, wanawake huinamisha vichwa na hakuna atakayeuliza. Sheha atangaze siku na mahali. Maelezo ya mwili yaachiwe wanawake wenyewe. Makungwi na kina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa wana kitu ambacho sisi wa kituoni hatuna: wanaweza kusema "mimi nimepimwa, hakuna kisu wala sindano," na wakaaminiwa.

Na ujumbe wa simu? Kwa kualika, unasaidia. Utafiti uliofanywa mikoa ya Kilimanjaro na Arusha na kuchapishwa 2019 uliwagawa wanawake 851 makundi matatu. Waliopata mfululizo wa ujumbe wa kuelimisha walijitokeza asilimia 12.9, waliopata ujumbe pamoja na vocha ya nauli asilimia 18.0, na kundi la kulinganishia asilimia 4.3 tu. Kilimanjaro si Pemba, lakini nauli ni nauli. Mama wa kisiwa cha Kojani lazima avuke kwa chombo kwanza, ndipo atafute gari, na wa Kisiwa Panza vivyo hivyo. Ukimwandikia ujumbe mzuri wa kumshawishi bila kufikiria chombo kinachomvusha, umemwongezea majuto tu. Kama bajeti inalazimisha kuchagua kati ya ujumbe wa kumi na nauli moja, toeni nauli, au pelekeni timu kisiwani.

Kuna jambo la kalenda ambalo huwa halimo kwenye mipango iliyoandikwa mjini. Mkulima wa mwani anafuata maji. Bamvua, yaani maji makubwa, likiingia, mwezi mchanga na mwezi kumi na tano, yuko pwani, na hakuna mwaliko utakaomtoa. Wiki za maji mafu, maji yasiyopanda wala kukupwa sana, ndizo siku zake za kukaa nyumbani. Kituo chenye kina mama wa mwani kikiweka kliniki zake mwezi nane na mwezi ishirini na mbili hivi, kwa kalenda ambayo kila nyumba inaijua, kitapata watu bila kuongeza shilingi. Msimu wa karafuu nao una kambi na kuchambua hadi usiku. Na mchana wa Ramadhani wanawake wengi hawataki kipimo cha ndani. Heshimuni hilo, pangeni kabla au baada.

Habari ya pili: hiki ndicho tulichokiona

Hapa sina upole na ujumbe wa simu. Majibu yenye tatizo yasiandikwe kwenye simu, hata mfumo uwe mzuri kiasi gani.

Fikiria simu iko mfukoni mwa mume, au kwa kijana wa skuli anayemsomea mama yake. Ujumbe unasema: "Umekutwa na virusi vya HPV, fika kituoni." Kijana anasoma neno virusi, na nyumba nzima inaelewa UKIMWI. Mume anajiuliza vimetoka wapi. Mpaka mama afike kituoni, akifika, ameshashitakiwa na kuhukumiwa sebuleni. Wakati ukweli wenyewe ni wa utulivu: watu wengi walioanza maisha ya ndoa hupata HPV wakati fulani, walio wengi huondokewa nayo wenyewe ndani ya miaka miwili, na kuwa nayo si kuwa na saratani. Virusi hivi vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, kwa hivyo kipimo hakiwezi kuonesha vimeingia lini wala vimeletwa na nani. Sentensi hiyo ya mwisho inastahili kusemwa kwa mdomo, polepole, kwa kila mwanamke, kabla hata hajapimwa. Imebeba ndoa ya mtu.

Kupiga simu ni bora kuliko kuandika, kwa sharti mpigaji aanze na swali la nafasi. "Assalamu alaikum. Bi Fulani? Napiga kutoka kituoni. Uko mahali unaweza kuzungumza?" Akisema hapana, sema tu kadi yake iko tayari, mwulize saa gani umpigie, kata. Akipokea mwingine, usiseme chochote zaidi ya salamu na kwamba utapiga tena. Ubaya wa simu ni vocha na muda: muuguzi aliyechoka na foleni ya kliniki ya watoto hatopiga simu kumi jioni kwa salio lake mwenyewe, na si haki kumtaka afanye hivyo.

Mhudumu wa afya wa kujitolea ndiye anayebishaniwa zaidi. Zanzibar tuna mpango wa Jamii ni Afya, wahudumu wenye simu zenye programu ya kuwaongoza, wanaotembelea nyumba kwa ajili ya wajawazito na watoto wadogo. Kwa kuwa wanaingia nyumba nyingi kwa sababu nyingi, kuingia kwao hakuleti maswali. Huo ni utajiri. Lakini tazama mambo mawili. Kwanza, mwanamke wa miaka 45 asiye na mtoto mdogo hayumo kwenye mizunguko yao ya kawaida, na huyo ndiye hasa tunayemtafuta. Pili, mhudumu ni jirani. Amekaa mkekani, mama mkwe anamenya ndizi pale pembeni, watoto wanaingia na kutoka. Ataisema wapi habari ya mlango wa kizazi? Mhudumu asibebe jibu. Abebe mwito.

Na mwito uwe mmoja kwa wote. Hili naliona ndilo kosa linaloumiza bila mtu kukusudia: kituo kinawaita wenye tatizo peke yao, na walio salama huambiwa "kimya ni salama." Baada ya mwezi kijiji kimeshajua, anayeitwa ni mgonjwa. Waiteni wote waje wachukue kadi zao, salama na wasio salama, kwa maneno yale yale. Hapo ujumbe wa simu unarudi kuwa na kazi nzuri, kwa mfano:

"Assalamu alaikum. Majibu yako yapo tayari. Tafadhali fika kituo ulichopimwa Jumatatu au Jumatano, saa 2 hadi 6. Maswali: piga namba hii."

Hauzidi herufi 160, kwa hivyo ni ujumbe mmoja, na hauna jina la ugonjwa wala la kipimo. Kina mama wengine hata neno "majibu" hawalitaki. Mwulize siku ya kupimwa tukuandikie nini. Akichagua "kadi yako" au "mzigo wako umefika", liandikeni hilo.

Linganisha sasa na muuguzi uso kwa uso. Yeye ni ghali kwa muda, na kituo chenye watumishi watatu kinahisi kila dakika. Lakini tazama anachoweza kufanya ambacho simu haiwezi. Mama ameshuka kitandani, amevaa, amejifunga buibui lake. Muuguzi anavuta kiti akae, hasimami mlangoni. Anachora duara kwenye kadi na kitundu katikati, anatia alama ya wino upande mmoja: "Hapa ndipo palipogeuka weupe. Si saratani. Pakiachwa miaka panaweza kuwa saratani. Tuna tiba ya kupagandisha au kupachoma kwa joto, ni dakika chache, na unarudi nyumbani leo leo." Kisha anauliza: "Bi mkubwa akikuuliza ulikuwa wapi, utamwambiaje?" Jibu la mama ndilo litakalomwonesha muuguzi kama ameeleweka. Kwa kumwuliza "umefahamu?" atapata "ndiyo" tu, maana heshima yetu haituruhusu kumwambia muuguzi hapana.

Mume, ambaye hayumo kwenye rejista

Baada ya tiba ya kugandisha au ya joto, mama hutokwa na majimaji kwa wiki kadhaa na anashauriwa asilale na mumewe kwa muda wa wiki nne hadi sita. Ushauri huu humpa mwanamke peke yake kazi ambayo si yake peke yake. Njia tatu hutumika. Kumwachia aseme mwenyewe, inafaa kwa nyumba zenye maelewano. Kumwalika mume kituoni, ni nzuri sana akija, ila msifanye sharti. Mwanamke asikose tiba kwa sababu mume yuko dago, kambi ya wavuvi, au Unguja kikazi. Na kadi ya kituo yenye muhuri, inayosema tu kwamba mama ametibiwa na anatakiwa apumzike hadi tarehe fulani, bila kutaja ugonjwa. Mimi naipendelea ya tatu iwe ya kawaida kwa kila anayetibiwa, na hizo mbili ziwe za kuongezea. Muhuri wa kituo unamwondolea mama ubishi ambao hana nguvu ya kuushinda usiku.

Ruhusa ya mume kabla ya kupimwa ni jambo jingine, na hapo ndipo masheikh wa mitaa wana nafasi. Maneno machache baada ya sala ya Ijumaa, kwamba kumpeleka mke kupimwa ni katika kumtunza, hufanya kazi ambayo ujumbe wa simu kwa mke hauwezi. Ujumbe unafika kwa asiye na mamlaka ya nauli.

Habari ya tatu: rudi

Aliyetibiwa anatakiwa apimwe tena baada ya mwaka mmoja. Aliyepewa rufaa kwenda hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani, au kupanda boti kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, anatakiwa afike kweli. Na yule aliyekutwa na saratani yenyewe safari yake inaweza kumfikisha hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa mionzi. Kadiri safari inavyorefuka ndivyo ujumbe peke yake unavyopungua nguvu.

Ushahidi upo. Utafiti wa Dar es Salaam na Kilimanjaro uliochapishwa 2020 uliwapelekea ujumbe wa kuwakumbusha wanawake waliokutwa na HPV, ili warudi kupimwa baada ya miezi 14. Ujumbe ulikuwa wa upande mmoja, wa kusomwa tu. Haukuongeza idadi ya waliorudi. Weka matokeo hayo kando ya yale ya Kilimanjaro na Arusha ya 2019 na utaona tofauti: mwanamke anayealikwa kwa mara ya kwanza hukosa taarifa na nauli, anayetakiwa kurudi ana taarifa tayari, anachokosa ni nauli, ruhusa, mtu wa kuachia watoto, au jibu la swali linalomtisha. Ujumbe usiopokea jibu hauwezi kujua ni lipi.

Hapa ndipo mhudumu wa kujitolea anapostahili kila shilingi. Anajua kama mama amehamia kambi ya karafuu, kama amejifungua, kama ameambiwa na shoga yake kwamba tiba inaziba kizazi. Anarudi kituoni na sababu, na sababu inaweza kufanyiwa kazi. Kwa rufaa ya Unguja, namba ya mtu mmoja wa upande wa pili, atakayempokea mama bandarini au mlangoni mwa hospitali, ni bora kuliko barua yenye mihuri mitatu. Wapemba wengi wana jamaa mjini; mwulizeni mama atafikia wapi kabla hamjampangia tarehe.

Kwa hivyo ukiwa na fedha chache

Ningezigawa hivi. Kwanza, muuguzi mmoja kila kituo mwenye saa zake maalumu za kutoa majibu, simu ya kituo na vocha ya kila mwezi, jina lake likijulikana kwa kina mama. Pili, nauli na chombo kwa wenye tatizo na waliopewa rufaa. Tatu, posho za wahudumu kwa kazi ya kumtafuta asiyerudi. Ujumbe wa simu uje wa nne, kwa kualika na kwa mwito wa kadi tu, na uwe na namba inayopokelewa na mtu. Kama wilaya ina mfumo wa ujumbe tayari, msiutupe; ondoeni majibu ndani yake kesho asubuhi.

Na kabla ya lolote kati ya hayo, ongezeni safu nne kwenye rejista, zijazwe mama akiwa bado ameketi: simu hii ni ya nani, akipokea mwingine tuseme nini, neno gani tuliandike kwenye ujumbe, na siku gani za mwezi hapatikani. Peni na rula vinatosha. Rejista zilizochapishwa hazina nafasi hiyo, basi tumieni ukurasa wa nyuma, ambao mara nyingi huwa mtupu.